Maka si mbali, safari ndiyo ndefu

Jioni moja baada ya sala ya alasiri tulikuwa tumeketi barazani hapa Shimoni, tukiutazama mkondo ulio baina yetu na kisiwa cha Wasini, pakazuka ubishi ambao mwanzoni niliuona kuwa ni wa kupitishia wakati tu. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye kwa heshima humwita ami, wanawe walikuwa wamechanga fedha wampeleke Umra. Akatuuliza swali jepesi: "Enyi mliosoma, hebu niambieni, kutoka hapa hadi Maka ni mbali kiasi gani?"

Kijana mmoja mvuvi akatoa simu yake mfukoni, akabonyezabonyeza, akajibu: "Ni kilomita 2,900, ami." Mwengine, aliyewahi kufanya kazi Saudia miaka miwili, akadakia: "Wacha kilomita. Ni saa nne na kitu ndegeni, umefika." Nami niliyekwisha kwenda nikacheka, nikasema: "Ni siku nzima, usiku na mchana wake." Ami akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema: "Nimewauliza jambo moja, mmenipa majibu matatu. Na nyote mwasema mwajua!"

Nilirudi nyumbani maneno yale yakinizunguka kichwani. Kwani ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekosea. Mwenye simu alipima ardhi, aliyefanya kazi Saudia alipima ndege, nami nilipima mtu. Zamani vipimo hivi vitatu vilikuwa karibu kuwa kimoja. Ukiambiwa mahali ni mwendo wa siku kumi, ulikuwa umekwisha kuambiwa umbali, muda na taabu yake kwa pamoja. Leo vimeachana, na katika kuachana kwake ndimo wasafiri wetu wa pwani, hasa wazee na wagonjwa, wanamoumia. Hilo ndilo nitakalo tulizungumze, msomaji.

Juu ya mstari mmoja

La kwanza, ambalo wengi wetu hatulifikirii, ni kwamba Maka iko kaskazini yetu sawasawa. Chukua ramani yenye mistari ya longitudo uitazame. Shimoni iko kiasi cha digrii 39.4 mashariki. Uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, uko 39.6. Jeddah iko 39.2, na Maka yenyewe 39.8. Zote nne zimepangwa karibu juu ya mstari mmoja, kama shanga katika uzi. Mtu akisimama Shimoni akaelekea kaskazini barabara, atakuwa ameikosa kibla kwa digrii moja tu.

Wazee wetu hawakuhitaji ramani kulijua jambo hili. Mabaharia wa pwani hii kaskazini wakiiita kibla, na kusini wakiiita suheli kwa jina la nyota ing'arayo upande huo. Ile nyota ya kaskazini, jaa, sisi wa Shimoni hatuioni, kwani tuko chini ya mstari wa ikweta. Huanza kuchungulia juu ya maji baada ya chombo kuuvuka mstari huo na kupanda juu. Hata hivyo jina lake lilikuwa katika dira ya kila nahodha, na kila mtoto wa chuoni alijua kwamba aelekeako imamu ndiko atokako kaskazi.

Liko jambo jengine lililo zuri zaidi. Kwa kuwa tuko juu ya mstari mmoja, jua hutupitia pamoja. Linapopinduka adhuhuri hapa Shimoni, Maka limekwisha kupinduka dakika mbili tu kabla, mwaka mzima, kiangazi na masika. Saa za ukutani nazo ni zile zile, kwani Kenya na Saudia zafuata majira mamoja. Magharibi ndiyo huachana kidogo. Mwezi wa Juni jua la Maka huchelewa kutua kuliko letu kwa kiasi cha robo tatu ya saa, na mwezi wa Disemba hututangulia kwa kadiri hiyo hiyo. Lakini adhuhuri ni moja. Muadhini wa hapa na muadhini wa kule karibu wanavuta pumzi pamoja.

Sasa tupime. Kutoka uwanja wa Moi hadi uwanja wa Jeddah kwa mstari ulionyooka ni kiasi cha kilomita 2,860. Ndege kubwa ya abiria ya siku hizi huenda kiasi cha kilomita 850 kwa saa. Ukiongeza muda wa kupaa na wa kutua, safari hiyo ni ya saa nne hivi. Ndege ingeondoka Mombasa, ikapita juu ya nchi kavu ya upande wa Garissa, ikavuka Ethiopia na Eritrea, kisha ikaingia juu ya Bahari ya Sham na kutua. Aliyesali alfajiri Mombasa angekuwa Jeddah kabla adhuhuri haijaingia, na wakati ungembakia wa kuoga.

Hayo ni ya ramani. Ya mtu ni mengine.

Saa ishirini na nne

Nilikwenda Umra mwaka 2023. Nilitoka Shimoni saa nane za usiku kwa gari tulilolikodi watu sita. Tulipita njia panda ya Kanana, tukapita Msambweni na Ukunda gizani, tukafika Likoni kama saa kumi. Hapo kuna maji ya upana wa kama nusu kilomita, na sote twajua jinsi nusu kilomita ile iwezavyo kula saa nzima ya mtu, na ikipenda hula mbili. Tulibahatika. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa uwanjani. Ndege ikaruka saa moja asubuhi, na saa mbili tulikuwa Nairobi.

Nairobi ndiko tulikokaa. Ndege ya Jeddah ilikuwa iondoke saa kumi jioni, yaani saa nane za kungoja, tena zimo katika tikiti wala si bahati mbaya. Ilipofika saa kumi tukaambiwa kuna hitilafu. Tukaondoka saa moja ya usiku. Safari yenyewe haikufika hata saa nne. Saa tano kasorobo tulitua Jeddah. Kupigiwa pasi mihuri na kungoja mizigo kukatuchukua saa mbili. Kisha tukapanda basi la kwenda Maka, ambako kutoka Jeddah ni kiasi cha kilomita 80, sawa na kutoka Shimoni hadi Mombasa. Tulifika saa nane na robo za usiku.

Hesabu basi nami, msomaji. Kutoka mlangoni kwangu hadi Maka ilikuwa saa ishirini na nne na robo. Katika hizo, tulizokuwa angani hazikutimia tano. Kumi na tisa na zaidi tulikuwa chini, juu ya viti vya chuma, katika foleni, na katika magari.

Katika kundi letu alikuwamo mama mmoja wa makamo mwenye maradhi ya sukari. Wakala aliyemuuzia tikiti, ambaye sitamtaja, alikuwa amemwambia ya kwamba safari ni "saa nne na nusu tu", na mama wa watu akaamini kwamba ni safari ya asubuhi hadi mchana. Dawa zake akazitia katika sanduku kubwa lililokwenda tumboni mwa ndege. Saa tisa za mchana, pale Nairobi, alianza kutokwa na jasho na kusema maneno yasiyoeleweka. Mola alitusetiri. Alikuwapo abiria mwengine mwenye maradhi kama yake na mwenye ujuzi nayo, akamhudumia mpaka wauguzi wa uwanjani wakafika. Alifika Maka salama na akafanya Umra yake. Lakini sijaisahau sura yake, wala sijalisahau neno lile, "saa nne na nusu". Halikuwa uwongo. Lilikuwa ni ukweli wa ndege, aliambiwa mtu aliyehitaji ukweli wa safari.

Pepo mbili

Babu yangu akituhadithia habari za majahazi alikuwa hasemi ni maili ngapi hadi Arabuni. Akisema ni kusi moja kwenda na kaskazi moja kurudi. Upepo wa kusi ukishatulia baada ya vishindo vyake vya mwanzo, majahazi yalifungua tanga yakaenda nao juu. Kaskazi ikianza kuvuma kiasi cha Disemba, yalirudi. Aliyetaka kurudi kabla ya wakati hakuwa na la kufanya ila kungoja, awe tajiri awe maskini. Kufika Aden ulikuwa mwendo wa mwezi, upepo ukiwa mwema, na kutoka huko aendaye kuhiji alikuwa na Bahari ya Sham mbele yake.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja, alipoishukia pwani hii mwaka 1331 naye alipima vivyo hivyo. Kutoka Aden hadi Zeila alihesabu siku nne za bahari, na kutoka Zeila hadi Mogadishu usiku kumi na tano. Alilala Mombasa usiku mmoja, akawasifu watu wake kwa dini yao na misikiti yao ya mbao, akaendelea hadi Kilwa. Hatutajii farsakhi baharini, kwani farsakhi za baharini hazikumfaa mtu yeyote.

Kisha ikaja meli ya moshi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zilianza kuchukua barua na abiria baina ya Aden na Unguja kwa tarehe zilizopangwa. Hapo ndipo safari ilipoanza kuachana na upepo. Baadaye ndege ikaachana na bahari yenyewe. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946 na likavunjika mwaka 1977, na mwaka huo huo Kenya Airways ikaundwa. Uwanja wa Mombasa, ambao mwanzo wake ni wakati wa Vita Vikuu vya Pili pale Port Reitz, ukapanuliwa na kufanywa wa kimataifa mwaka 1979.

Sisemi haya ili nitamani ya kale. Waliozama katika safari zile hawakurudi kutuhadithia. Nasema tu kwamba kungoja hakukuondoka duniani. Zamani tulingoja upepo, na upepo haukuwa na upendeleo. Leo twangoja ndege, na ndege hupangwa na watu.

Nani apangaye njia?

Tutazame hesabu za njia zilizopo, kwani ndizo zitakazotuonyesha kasoro iko wapi.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa ndege ni kilomita 420 na kitu, na kutoka Nairobi hadi Jeddah ni kama 2,570. Jumla haifiki 3,000. Yaani kupitia Nairobi kwaongeza kilomita 130 tu, ambazo ni kama kutoka Mombasa hadi Malindi. Kwa mwendo wa ndege, masafa hayo ni ya dakika tisa au kumi. Addis Ababa nayo, kwa bahati, iko karibu juu ya ule ule mstari wetu. Apitiaye huko haongezi hata hizo. Kwa hiyo tusiilaumu jiografia. Dakika kumi za masafa zimekuwa saa kumi na tisa za safari, na zilizobaki zote ni za kungoja na kuhangaika.

Njia za Ghuba ni ndefu kweli. Qatar Airways walianza kuileta ndege yao ya Doha hadi Mombasa mwaka 2018, na flydubai wakaanza ya Dubai mwezi wa Januari 2024. Ni neema kwa wanaokwenda huko kikazi na kibiashara. Lakini aendaye Jeddah kwa kupitia Doha atakwenda kiasi cha kilomita 4,840, na kwa kupitia Dubai kama 5,370, karibu mara mbili ya masafa yenyewe. Atapita mbele ya Maka, kisha arudishwe nyuma. Ni kama mtu wa Shimoni aendaye Mombasa akapelekwa Malindi kwanza, ndipo arejeshwe Mombasa.

Kwa nini basi? Sababu zenyewe si siri. Ya kwanza ni sheria ya anga. Tangu mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kila nchi yamiliki anga lililo juu yake, na ndege ya abiria haitui mahali ila kwa mapatano ya serikali na serikali. Mapatano hayo hutaja ni mashirika gani yatakayokwenda, na mara nyingi hata viwanja gani. Ya pili ni desturi ya mashirika makubwa kukusanya abiria wote nyumbani kwao kwanza, ndipo yawagawe. Ndiyo maana shirika la Ethiopia hukupitisha Addis, la Qatar hukupitisha Doha, na la kwetu hukupitisha Nairobi. Ya tatu ni idadi. Ndege ni chombo cha gharama. Viti vikiwa vitupu hula hasara. Wasafiri wa Maka hujaa Ramadhani na msimu wa hija, kisha hupungua.

Sababu hizi nazikubali, lakini si zote zanitosheleza. Kwani tangu miaka ya 1970 na 1980 sisi wa pwani ya kusini tumeziona ndege za watalii zikitoka Ulaya na kutua Mombasa moja kwa moja bila kugusa Nairobi. Kutoka Frankfurt hadi Mombasa ni kiasi cha kilomita 6,700, zaidi ya mara mbili ya Jeddah. Mtalii alipanda ndege kwao usiku, na asubuhi yuko Diani miguu majini. Watalii nao wana msimu. Nao pia ndege zao zilihitaji ruhusa ya serikali. Tofauti ni kwamba walikuwa na mtu wa kuwakusanya na kuwasemea. Makampuni ya utalii yaliwaweka pamoja mia mbili au mia tatu kwa tarehe moja, yakaikodi ndege nzima.

Wasafiri wetu wa Umra hawakosi kufika idadi hiyo. Kilichopo ni kwamba kila wakala huchukua watu wake kumi na watano au ishirini kwa tarehe yake, kwa shirika lake, kwa bei yake. Mmoja Likoni, mwengine Ukunda, mwengine Mji wa Kale, mwengine Malindi. Wote hawa wakifika Nairobi hukutana katika chumba kimoja cha kungojea! Pale niliwakuta watu wa Vanga na wa Lamu, wote wakiwa safari moja, na hakuna aliyejua habari za mwenziwe.

Waweza kuniambia kwamba saa ishirini na nne si kitu kwa aendaye nyumba ya Mwenyezi Mungu, na kwamba wa zamani walikwenda miezi. Nami nakuitikia. Taabu ya safari ina ujira wake. Lakini taabu isiyo na sababu haitafutwi. Tazama wenzetu duniani. Ndege ya Singapore hadi New York huenda kilomita zipatazo 15,300 bila kutua, kwa kiasi cha saa kumi na nane na nusu. Hapa hapa kwetu, Kenya Airways ilipoanza safari ya Nairobi hadi New York mwezi wa Oktoba 2018, kilomita kama 11,800, ilikuwa ni safari ya saa kumi na tano. Mtu wa Nairobi awahi kufika Marekani kabla mtu wa Shimoni hajafika Maka, nayo Maka iko hapa juu kwenye mstari wake!

Dakika na ibada

Kwetu sisi Waislamu jambo hili la umbali na muda si la kustarehe tu. Lagusa ibada.

Masafa ya kupunguza sala, katika madhehebu yetu ya Shafi, hupimwa kwa marhala mbili, nazo huhesabiwa kuwa maili 48 za zamani. Kwa kilomita, wapo wanaozikadiria 80 na kitu, na wapo wanaozipandisha hadi karibu 90. Wa Shimoni twalijua tatizo lake, kwani Mombasa kwetu ni pale pale penye 80, na kila aendaye mjini ana kauli yake. Lakini linalonistaajabisha ni kwamba maulamaa waliliona swali la mwendo wa haraka kabla ndege haijafikiriwa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj ya kwamba hukumu ya bahari ni kama ya bara, na aliyeyakata masafa hayo chomboni kwa muda wa saa moja bado ana ruhusa ya kupunguza. Alilitazama umbali, wala si muda. Ndege nayo maulamaa wameitia katika hukumu hiyo hiyo. Ndege huyakata masafa ya kutoka Shimoni hadi Mombasa kwa dakika zisizotimia sita, na abiria wake ni msafiri.

Katika mikati, hata hivyo, muda ndio wenye hatari. Atokaye upande wetu wa kusini hupita sambamba na Yalamlam muda mfupi kabla ya kutua Jeddah. Ndege hukata kilomita 14 kila dakika. Aliyesinzia dakika kumi amepitwa na kilomita 140. Rubani akitangaza kwamba mikati yakaribia, na wewe nguo za ihramu zimo katika sanduku chini, umekwisha kupitwa, na juu yako kuna kurudi au kuchinja. Wa majahazi walikuwa na siku nzima ya kujitayarisha. Sisi tuna muda wa kunywa kikombe cha chai. Kwa hiyo vaa mapema, na jambo la nia umuulize sheikh wako kabla hujatoka nyumbani.

Yawezekanayo

Nisimalize kwa kulalamika tu. Yapo yaliyokwisha kutengenea. Barabara ya Dongo Kundu ilipofunguliwa kwa magari mwaka 2024, msafiri wa Kwale aliweza kwenda uwanja wa Moi bila kuingia katika feri ya Likoni. Nimeipita. Ile hofu ya usiku wa manane, ya kutoka saa nane kwa kuogopa foleni ya maji, imepungua sana. Barabara moja imetupunguzia safari ya Maka kwa kadiri ambayo ndege haikuwahi kutupunguzia, kwani iliondoa kungoja. Huko mwisho wa safari nako, treni ya mbio ya Haramain ilianza mwaka 2018 kuiunganisha Madina na Jeddah na Maka. Miisho yote miwili imeshughulikiwa. Imebaki ya katikati.

Mawakala wetu wa pwani wakubaliane tarehe. Si kwamba waunganishe biashara zao, la. Wakubaliane tarehe mbili au tatu tu kwa mwaka, za Rajabu na za Ramadhani, wakusanye watu wao wote kuanzia Vanga hadi Lamu, kisha waende kwa shirika lolote na jumla ya majina mkononi. Mwenye ndege hashawishiki kwa malalamiko, hushawishika kwa viti. SUPKEM, ambayo tangu mwaka 1973 imekuwa ikisimamia mambo ya Waislamu wa nchi hii, yaweza kuwaita pamoja. Na serikali za kaunti za pwani, ambazo kila mwaka zawaomba watu wa ndege walete watalii, ziongeze ombi moja juu ya yale waliyonayo. Wizara inayohusika nayo ilitazame hili inapopatana na wenzao wa Saudia juu ya viwanja.

Na mpaka hayo yawe, lipo moja lisilogharimu hata senti. Wakala akuuziaye tikiti akuandikie saa zote, tangu kutoka Mombasa hadi kufika, pamoja na za kungoja. Usikubali kuambiwa za angani peke yake. Tikiti iliyo rahisi kwa shilingi elfu tano, yenye saa kumi na mbili za kukaa juu ya kiti cha chuma, kwa kijana ni rahisi kweli. Kwa mzee wa miaka sabini si rahisi hata kidogo.

Nilirudi barazani siku ya pili yake. Ami alikuwapo, peke yake, akishona wavu. Nikamweleza niliyoyaandika hapa, habari za mstari, za Nawawi, na za Frankfurt. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akaweka sindano chini.

"Mwanangu," akaniambia, "yote hayo ni mazuri. Lakini mimi niliuliza kwa sababu nina sukari, na daktari wa Msambweni amenipangia dawa asubuhi na jioni. Nilitaka kujua nitie vidonge vya mara ngapi katika mkoba wa mkononi."

Nilinyamaza kwa haya, kwani siku ile ya kwanza sote watatu hatukumuuliza kwa nini ataka kujua. Nikahesabu pale pale kwa vidole.

"Tia vya siku mbili, ami," nikamwambia. "Na chakula kidogo."